Shangazi, saizi yangu ni ipi hasa?

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina suruali mbili za saizi 12. Moja inanipwaya kiunoni, nyingine haipiti mapajani. Juzi muuzaji akaniletea 16 huku akinitazama juu mpaka chini, nikaondoka bila kununua. Je, nimenenepa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwili wako ni mmoja, lebo ndizo zinazogombana. Marekani iliwahi kutoa vipimo rasmi vya nguo za wanawake mwaka 1958, navyo vilikuwa vya hiari, 1983 vikafutwa. Kila kampuni hujipangia. Tena 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani au 40 ya Ufaransa. Wengine hushusha namba makusudi ili mteja ajione mwembamba (na tunavyofurahi!).

Jipime kifua, kiuno na nyonga kwa futi ya fundi, andika sentimita, kisha linganisha na jedwali la duka husika. Suruali chagua inayokutosha nyongani. Kiuno fundi atakipunguza. Nyonga hawezi kuiongezea kitambaa ambacho hakipo. Lebo ikikukera, ifumue. Na huyo muuzaji, mwambie akuletee 14 na 16 kwa pamoja, halafu afunge pazia.