Ukishapumzika, utarudi kwa nani?

Mwende mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma peke yangu, kisha nikamsomea baba yako akivua viatu. Unauliza kama uache kuandika kwa miezi sita, skripti za tamthilia na hiyo riwaya yako pia, kwa sababu ukifungua kompyuta unasikia kichefuchefu, na wahusika uliowapenda sasa unatamani wagongwe na matatu wote katika kipindi kimoja, mambo yaishe. Hapo nilicheka, niwie radhi. Baba yako hakucheka. Aliuliza tu kama unakula.

Kabla hatujafika kwenye miezi, nami nina swali langu. Ukishapumzika, utarudi kwa nani?

Nimesoma ile makala uliyonitumia. Kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuingiza uchovu wa aina hii kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, lakini halikuuita ugonjwa. Lilisema ni jambo la kazini, linatokana na mfadhaiko wa kazi uliokaa muda mrefu bila kushughulikiwa. Dalili zake tatu: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeanza kuidharau, na mtu anajiona hawezi tena. Zote tatu umejiwekea alama. Sawa, nakuamini, sauti yako kwenye simu imeshaniambia. Lakini kama chanzo kiko kazini, mbona dawa yote unataka kuinywa wewe? Huyo prodyusa anayekuamsha saa sita usiku kukwambia kipindi ni kitamu sana ila ukibadilishe chote kufikia asubuhi, yeye hanywi hata kijiko? Na unajua msimamo wangu: pongezi si malipo.

Wewe hukumbuki Januari ya 2003 kama ninavyoikumbuka mimi. Ulikuwa ukilala chini ya meza yangu ya kukatia pale Uhuru Market, juu ya mabaki ya vitambaa, ukiamka na nyuzi kwenye nywele. Kibaki alikuwa ameapishwa mwisho wa Disemba, elimu ya msingi ikafanywa bure, na shule zikapokea watoto zaidi ya milioni moja wapya. Kila mzazi alitaka sare, hata aliyeambiwa mtoto hatafukuzwa kwa kukosa sare. Mafundi tulishona mpaka stima ikapotea, na ikipotea tunawasha taa ya mafuta.

Basi akaja mwalimu wa shule moja, ambayo sitaitaja, na oda ya sketi za marinda. Marinda manne mbele, alisema, nami nikashona manne. Siku ya kuchukua alisimama pale mlangoni, akainua sketi ya juu kwa vidole viwili kana kwamba imetolewa mtaroni, akasema, "Sita. Tulikubaliana sita." Halafu bila haya akaongeza kwamba soko zima hakuna fundi kama mimi, ndiyo maana ana hakika nitamaliza kufikia Jumatatu. Nilibeba mzigo hadi nyumbani, nikafumua usiku kucha kwa wembe. Ilibidi kila rinda nilipunguze ili kitambaa kitoshe sita. Na ukifumua kitambaa kile, uzi unatoka lakini unaacha mstari wa vitobo vidogo ambavyo pasi haivifuti. Mwalimu hakuviona. Mimi bado naviona. Alilipa nusu, nusu nyingine tuliipata baada ya Pasaka, na baba yako ndiye aliyekwenda kuidai.

Februari nikafunga kibanda, nikaenda Kangundo kwa nyanya yako, Susu. Unajua Susu alivyokuwa, hakuuliza kitu. Alinipa fimbo nipure pojo. Siku za mwanzo nilikuwa nikishona usingizini, naamka vidole vinauma. Mchana nalala kama mgonjwa. Nilidhani nimeachana na cherehani maishani, na nakwambia kweli, nilifurahi. Kisha siku moja nikaona pindo la leso ya Susu limefumuka, nikaomba sindano. Nikapinda kwa mkono, pole pole, hakuna aliyeningoja. Nilipomaliza nikatafuta kingine. Susu akaanza kunitolea nguo za tangu enzi za mkoloni.

Kwa hiyo usije ukasema mama anakataza mapumziko. Yanafanya kazi, niliyaona kwa vidole vyangu. Ila sikiliza kilichofuata. Nilirudi Nairobi nimenenepa, naimba, na yule mwalimu akaja na oda nyingine, bei ileile, haraka ileile. Kufikia Jumatano mabega yangu yalikuwa yamekakamaa kana kwamba Kangundo sikufika.

Muhula uliofuata nilimshonea sketi moja tu. Nikaiweka mezani, nikahesabu marinda kwa sauti mbele yake, nikaandika vipimo kwenye karatasi na kumpa kalamu. Atie sahihi, alipe nusu, akibadili mawazo alipe upya. Ungeuona uso wake! Alizunguka soko lote akitafuta fundi mwingine, na saa tisa alirudi akatia sahihi. Nilimpa soda. Hata leo nikiikumbuka ile soda nafurahi kuliko siku ya harusi yangu, na baba yako analijua hilo.

Sasa wewe. Unachofanya kwa prodyusa ni kushona kabla ya sahihi. Unaandika kipindi kizima, ndipo anagundua alitaka marinda sita. Je, huwezi kumtumia muhtasari wa ukurasa mmoja, aukubali kwa maandishi, ndipo uanze? Je, mkataba unasema ni mara ngapi anaweza kukurudisha kazini bila kulipa? Kama hausemi, miezi sita yako ataila kwa wiki moja ukirudi. Kukusifu atakusifu, hilo sina shaka. Pongezi si malipo, Mwende.

Riwaya ni jambo jingine, na hapo najigonga mwenyewe. Nilitaka kukwambia uache skripti, uendelee na riwaya, kwa kuwa riwaya haina bosi. Halafu nikafikiri: kichwa ni kimoja. Mtu aliyeshinda kwenye cherehani kutwa hatamani kushona hata gauni lake. Kisha nikafikiri tena: ile leso ya Susu pia ilikuwa kushona. Baba yako naye anasema mkono ukilala sana unasahau, na ana mifano yake ya madereva wa basi, nikamwambia hadithi si gia. Labda riwaya iache mpaka itakapokuita yenyewe. Labda. Lakini usiandike kwenye kalenda tarehe ya kuitwa, maana hapo umejipa bosi mwingine.

Na hilo la Ngũgĩ wa Thiong'o, tafadhali. Unajilaumu kwamba yeye aliandika riwaya nzima kwenye karatasi za choo akiwa Kamiti mwaka 1978, nawe una kompyuta na meza na unashindwa. Mwanangu, yule alikuwa amefungwa bila hata kushtakiwa. Alichoandika kilikuwa chake, kwa lugha aliyoichagua, na hakuna aliyempigia simu usiku kumwambia aongeze mapenzi kwenye kipindi cha nne. Wewe usijipime na mfungwa. Tena mfungwa naye angetoka siku hiyo hiyo kama angeachiwa.

Umeniuliza miezi sita, na najua unangoja niseme ndiyo au la. Neno liko hapa mdomoni, na baba yako ananikonyeza nisiliseme, kwa sababu kodi ya nyumba ya huko Umoja unalipa wewe na sisi hatujui umeweka akiba kiasi gani. Basi nisiliseme. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu wa ushonaji ningekuwa nimeshakufungia kibanda na kuweka ufunguo kwenye sidiria.

Leta huo mkataba Jumamosi tuusome pamoja. Uchapishe kwa herufi kubwa, miwani yangu ina ufa. Na kabla ya hapo usimjibu prodyusa lolote, hasa akianza kwa kukusifu.

Mama yako