Daftari lako liko wapi?

Mwanangu,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Sisi hapa Muheza hatujambo, ila goti la baba yako ndilo halitaki kusikia baridi.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza huku napepeta mchele. Unataka nikupangie siku zako: chuo asubuhi, kazi za nyumbani kwa shangazi yako jioni, riwaya yako ya WhatsApp ambayo lazima itoke saa tatu usiku, na UE, mitihani yenu ya mwisho wa muhula, ndizo hizo zinabisha hodi. Halafu mwishoni, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, ukauliza kama uahirishe mwaka.

Ratiba sina. Ninachokuuliza ni hiki: daftari lako liko wapi?

Najua umeguna. Ndugu zako wote huguna nikifika hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nimelisema mpaka kaka yako akanirekodi akalifanya mlio wa simu. Sasa sikiliza. Umeniambia wiki iliyopita ulikesha, nami nikadhani ulikuwa unaandika. Kumbe ulikuwa unapekua meseji za M-Pesa kutafuta nani kalipa elfu mbili yake na nani kaingia kundini kwa mgongo wa rafiki. Huo si uandishi, ni ukarani wa bure, na ndio unaokula usiku wako. Saa unazo. Usichokuwa nacho ni mahali pa kuona mambo yako bila kuyatafuta.

Kisa cha maboksi unakijua kwa upande wa baba yako, anayekisimulia kwa kucheka. Mimi sicheki. Ilikuwa 1998, mvua za El Nino zimeshaharibu barabara, wewe hujazaliwa, kaka yako yuko mgongoni. Nilikuwa nafundisha darasa la nne na nasoma Chuo Kikuu Huria, ambacho kilikuwa kimeanza kupokea wanafunzi 1994 tu. Juu ya hayo nilikuwa nimechapa riwaya yangu kwa mkopo. Watu walinishangaa, lakini Ben Mtobwa, mwandishi wa riwaya, si alikuwa ameanzisha Heko, kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu? Sisi wa mikoani tulitazama tukasema kumbe inawezekana.

Basi likashusha maboksi stendi. Usiku nikachukua nakala ya juu, nikanusa gundi, nikasoma kwa raha zangu mpaka ukurasa wa 64. Nikafunua. Ukurasa uliofuata ukawa wa 49 tena! Kitabu unajua kinavyotengenezwa: karatasi moja kubwa huchapwa pande mbili, ikikunjwa inatoa kurasa 16, kisha ile mikunjo hupangwa kwa zamu na kutiwa gundi mgongoni. Mtu kachukua mkunjo wa nne mara mbili, wa tano kauacha mezani. Kurasa 65 hadi 80 hazimo, na humo ndimo mke anaikuta barua ya mumewe. Bila barua ile, anayoyafanya mwishoni ni wazimu mtupu.

Nikaenda posta kumpigia mchapaji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema, "Mwalimu, kwani nani atafika huko?"

Nina wajukuu sasa, na neno lile bado halijanitoka.

Si nakala zote zilizokuwa mbovu. Tukatandika mkeka, baba yako akashika chemli, nami nikawa nafunua ukurasa wa 65 wa kila kitabu: nzima huku, mbovu kule. Mtihani wangu wa Chuo Huria, kituo cha Tanga, ulikuwa wiki ile ile. Tatizo, boksi moja lilikuwa limetangulia kuja na nilikuwa nimeshaliuza. Hapo ndipo nikafungua kaunta buku langu. Kila aliyechukua nakala yumo: jina, kijiji, kalipa au bado. Wenye duka la Tanga waliochukua mali kauli, wauze kwanza ndipo walipe, wamo, na sahihi yao. Nikanakili majina, nikawagawia wanafunzi wanaokaa vijiji hivyo wakawaambie watu waje wabadilishiwe. Nikarudi kwenye masomo yangu. Sikulazimika kukumbuka kitu, unaelewa?

Kabla ujumbe haujamfikia, akaja mwenyewe mama mmoja muuza machungwa, anakaa njia ya Amani. Kitabu kakifunga kwenye kanga. Sikuwahi hata kumweleza habari ya kubadilisha.

"Mwalimu, barua ilisemaje?"

Nikamsimulia kurasa zote 16 nimesimama mlangoni, mwiko mkononi, ugali unaungua. Alipofika getini akageuka akauliza, "Na yule mwanamke alimjibu?" Kama ningekuwa na simu siku ile, yule mchapaji angenitambua.

Lakini ngoja. Mimi nilikuwa na mshahara, hata ukichelewa. Wewe una bumu, hela ya mkopo wa chuo, na bumu lenyewe tunalijua. Wasomaji wangu walinisubiri kwa heshima, wako wakikosa kipande usiku mmoja wanatukana. Pengine daftari halitoshi kwa watu wa namna hiyo. Haya, halitoshi. Basi andika vipande kadhaa mbele, UE zikikaribia tangaza kundini kwamba unafunga na taja tarehe ya kurudi. Magazeti yetu yalikuwa yanakata hadithi penye utamu, yanaandika "itaendelea", na tunakaa wiki nzima hatufi. Atakayedai hela yake mrudishie. Jina lake na kiasi alicholipa si viko kwenye daftari?

Hilo la kuchapa kitabu kizima lisikukoseshe usingizi sasa. ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, utaipata Bodi ya Huduma za Maktaba. Mchapaji atakushawishi uchape elfu moja, kwa kuwa gharama ya pleti, yale mabamba ya kuchapia, ni ile ile uchape mia au elfu, na nakala moja moja inashuka bei. Ni kweli inashuka. Halafu shangazi yako alale wapi?

Kuahirisha mwaka. Baba yako kasimama hapa begani, anataka niandike HAPANA kwa herufi kubwa. Mimi jibu langu ninalo na kalamu inaniwasha. Nimeandika, nimekata. Ukidisko, ukaondolewa chuo kwa kufeli, nitalia. Ukiiacha riwaya nitalia vilevile, maana yule "Bibi Chai" anayedai mwendelezo saa tatu na dakika moja ni mimi, na nililipa kama wengine. Sasa mtu kama mimi atakuamulia nini? Niletee kwanza daftari la mwezi mmoja, saa zako zimekwenda wapi na hela imeingia kutoka kwa nani, tukae barazani tulisome wote watatu.

Na kama umepanga kumuua Salma wa riwaya yako, niambie mapema. Mama Rehema tunasoma naye kwenye simu moja, na presha yake unaijua.

Mama yako