Muulize Bi Mkubwa: Mtoto wetu ana damu ya Kichina, tumlee vipi?

Barua za malezi zimenijaa tena, na safari hii tatu zimefika karibu pamoja zote zinazunguka jambo moja, watoto wa kulea wenye asili ya Uchina. Nimeziweka mahali pamoja. Ya kwanza ndo ndefu, na jibu lake refu vile vile, mnivumilie.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi na mume wangu tunakaa Kisauni, hatukujaaliwa kuzaa, tukaomba kafala, ule ulezi wa Kiislamu, tukapewa binti akiwa mchanga, amezaliwa Machi 2019, sasa ana miaka saba na mashallah skuli na chuo cha Kurani anaenda vizuri. Mamake mzazi alikuwa mtu wa huku huku Pwani, amefariki. Babake ni Mchina alikuja kwa kazi ya ujenzi akarudi kwao kabla mtoto hajazaliwa, tunachojua ni jina la ukoo, Chen, na kwamba katoka mkoa wa Fujian, basi. Mtoto ukimuona tu unajua, na Mombasa si unaijua, ukipanda feri lazima mtu akuulize huyu wa nani. Majuzi karudi skuli analia ati wenzake wanamwita Mchina feki, na mmoja kamwambia amezaliwa mwaka wa nguruwe. Nikasema basi tuanze kumfundisha mambo ya kwao, hata mwaka mpya wa Kichina tumfanyie kitu, mavyaa wangu akaja juu ati namtafutia mtoto shirki, mume wangu naye anasema tungoje akue. Niko katikati sijui nishike la nani, na hapa mjini Mchina wa kumuuliza simjui hata mmoja. *Mama Binti, Kisauni*

Marahaba mwanangu. Nianze na mumeo kwanza. Mwambie hayo ya kungoja yameshapitwa, watoto wa skuli washaanza kumsimulia bintiyo hadithi yake, na wanaisimulia vibaya. Mtoto wa miaka saba anajiangalia kwenye kioo, anakuangalia wewe, anajua kuna kitu. Sasa aisikie kwenu, kwa maneno mafupi, mara nyingi, mkiwa mnapika au mnatembea, si kumkalisha chini siku moja kama baraza la kesi. Mamako alikuwa fulani, wa mahali fulani, amefariki Mungu amrehemu, babako ni Chen wa Fujian, alirudi kwao, sisi tukakuomba tukakupata. Akiuliza kwa nini babake alienda na nyinyi hamjui, mwambieni hatujui. Msimtungie babake ubaya wala uzuri.

Na hapo nina ugomvi kidogo na barua yako mwenyewe. Umeandika Uchina, Uchina, Uchina, na mamake umempa sentensi moja. Huyo mama ni wa hapa hapa! Kazikwa wapi? Ana ndugu, ana shangazi, kuna mtu ana picha yake kwenye simu? Watu wanaona macho ya mtoto wanakimbilia kwa baba, kumbe nusu ya asili yake iko mwendo wa matatu mbili kutoka kwako. Itafute hiyo kabla ndugu hawajahama na namba hazijabadilika, na kila karatasi ya kafala, ya hospitali, ya makao aliyotolewa, tia kwenye faili moja uifungie kabatini.

Sasa mavyaa. Mama mkwe haendewi kwa ubishi, mwendee kwa dini yake mwenyewe. Kafala, ambayo hata Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeitambua, tofauti yake na kuasili kwa kawaida ni hiyo hiyo nasaba, mtoto unamlea kama wako lakini ukoo wake haufutwi. Sura ya Al-Ahzab aya ya 5 inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao, na Zayd, mtoto wa kulea wa Mtume, aliyekuwa akiitwa bin Muhammad akarudi kuitwa bin Haritha. Kwa hivyo mtoto kujua yeye ni wa kina Chen, mavyaa wako akikaa akafikiri ataona ni yeye angepaswa kuwa mbele kulisimamia.

Lakini wasiwasi wake nao si wa kudharau. Kuna mila za kule za kuwachomea mababu udi na kuwawekea vyakula, hizo waachieni wenyewe, na mkikwama pahala muulizeni shehe wenu. Chakula, jina, lugha, hadithi za nchi, zina shirki gani? Uchina kuna Waislamu tangu zamani sana, kabila la Wahui peke yao ni zaidi ya milioni 10. Na mkoa wa babake ndo utamnyamazisha kabisa mavyaa: mji wa Quanzhou, uko Fujian pwani, una msikiti wa mawe unaoitwa Qingjing ulioanza kujengwa mwaka 1009, Waarabu wa zamani wakiuita mji huo Zaitun. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, yule yule aliyepita hapa Mombasa mwaka 1331, miaka ya 1340 akashuka Zaitun. Mtoto wako ana pwani mbili na msafiri mmoja kaziona zote, mweleze hivyo usiku wa kulala uone kama hatataka uirudie.

Jumamosi moja mpeleke Fort Jesus, kwenye makumbusho kuna vyombo vya kauri vya Kichina vilivyofukuliwa huku huku kwetu. Mkipata nafasi fikeni magofu ya Gede, huko pia vimetoka vingi, na Mambrui kuna kaburi la nguzo lililopambwa kwa mabakuli ya Kichina. Mwambie kuhusu Zheng He, amirali wa Uchina aliyezaliwa nyumba ya Kiislamu huko Yunnan, babake na babu yake wote wakiitwa Haji, merikebu zake zilikuwa zikingoja upepo wa kaskazi kwenye pwani ya Fujian kabla ya kushika njia ya huku, na mwaka 1415 watu wa Malindi wakampelekea mfalme wa Uchina twiga. Twiga! Watoto wanapenda hiyo. Ila usimdanganye kwamba hao ni babu zake, yeye ni mtoto wa fundi wa juzi, hiyo ni historia ya kumfanya asijione kama kitu kigeni kilichodondoka Kisauni.

Mwaka mpya wao unafuata mwezi kama wetu, lakini wao kila baada ya miaka miwili mitatu wanaongeza mwezi wa 13 ili usitoke kwenye msimu wake, ndo maana hauzunguki mwaka mzima kama Idi, unabaki kati ya mwisho wa Januari na Februari. Mwaka huu ulikuwa 17 Februari, Ramadhani ikaingia siku hizo hizo. Wa 2027 ni 6 Februari, mkesha wake ni Ijumaa, na Ramadhani itakuwa inabisha hodi, kwa hivyo mna karamu moja nzuri kabla ya kufunga. Watoto wanapewa pesa kwenye bahasha nyekundu, ni mkono wa Idi ule ule tu, mwachie mavyaa ndo amtilie mtoto noti mpya uone kama atakataa.

Kwenye mapishi usikimbilie kila kitu ulichoona YouTube. Zile jiaozi, vinyama vilivyofungwa kwenye unga, ni zaidi za kaskazini. Fujian ni watu wa bahari na wali. Mkesha wa mwaka wanaweka samaki mzima, kichwa na mkia, na samaki wa mvuke na tangawizi na majani ya kitunguu utashindwa nini wewe mtu wa Mombasa, nenda kachukue changu mbichi. Siku ya kuzaliwa, watu wa Fuzhou, mji mkuu wa Fujian, wanakula tambi nyembamba ndefu za supu na mayai ya kuchemsha, tambi hazikatwi kwa sababu urefu wake ni wa umri. Hiyo ifanyeni kila Machi, haina gharama na itakuwa yake mpaka uzeeni. Sosi ya soya soma kibandiko, nyengine zina alkoholi, na mvinyo wa kupikia usiutie. Halafu Fuzhou hao hao wanasifika kwa chai ya asmini! Asmini tunazovaa vikuba sisi, wenzetu wanazitia kwenye chai.

Lugha, usijibebeshe mzigo. Ukipata mwalimu wa Kimandarini, Kichina cha serikali, wa mtandaoni hata, sawa, itamfaa maishani. Ila ujue Fujian majumbani wana lugha zao, za Quanzhou na za Fuzhou hazisikilizani, na Kimandarini wengi, hasa wakubwa, walikikuta shuleni. Kwa sasa inatosha ajue kuandika Chen kwa herufi za kwao, salamu, na kuhesabu mpaka kumi.

Hilo la nguruwe dogo. Wanahesabu miaka kwa wanyama 12, panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, mbuzi, nyani, jogoo, mbwa, nguruwe, halafu inaanza upya. Ni hesabu ya miaka, haimgeuzi mtu kuwa mnyama, na huyo aliyemcheka kama ni darasa lake basi kuna uwezekano mkubwa ni nguruwe mwenzake, mwambie amuulize amezaliwa lini. Mchina feki lakini si dogo, hilo nenda skuli ukae na mwalimu wa darasa, usitume ujumbe, nenda. Na kwenye feri jibu ni moja, "ni wangu", unageuza uso unaangalia bahari. Mtoto anasikiza sana vile unavyojibu hapo.

Hujambo Bi Mkubwa, mimi ni baba, Bamburi. Tulimuasili binti yetu ambaye babake alikuwa Mchina, tulijitahidi tangu mdogo, vitabu, vijiti vya kulia, darasa la lugha Jumapili. Sasa ana miaka 15 na ghafla hataki. Nimemnunulia ile gauni yao ya kola ya kusimama, kaitupa kitandani kasema mimi ni wa Mombasa niacheni. Mamake amekasirika ati pesa yote hiyo. Tumlazimishe? *Baba wa Bamburi*

Sijambo babangu. Msimlazimishe, na gauni mpe binamu. Kasema kweli, ni wa Mombasa. Umri huo anataka kufanana na wenzake, na pengine amechoka kuwa yeye ndo anayeelezwa kila siku mbele ya wageni, hebu jikumbuke, mkija watu nyumbani huwa unamwambia sema kidogo Kichina wakusikie? Basi acha hiyo. Darasa la Jumapili lisimamishe, vitabu viache palepale rafuni, chakula endeleeni kupika kama mlivyozoea maana hicho si somo ni chakula. Wengi hurudi wenyewe baadaye kwa mlango wao. Asiporudi pia ni mwanenu.

Asalaam aleikum Bi Mkubwa. Dada yangu anaishi Canada miaka mingi, mwaka 2006 walimuasili mtoto wa kike kutoka Uchina kwenyewe, kituo cha mayatima. Ana miaka 20 sasa, Disemba wanakuja harusi huku Old Town, mara yake ya kwanza. Ninachoogopa ni mashangazi zetu, unawajua midomo yao, wataanza ati kwani mamako alikutupa, na mbaya zaidi dada kaniambia binti mwenyewe yuko kwenye kutafuta wazazi wake wa kuzaa siku hizi kwa hivyo moyo uko juu juu. Nitawaambia nini hawa wazee kabla hajafika? *Mjomba, Kibokoni*

Waaleikum salaam. Waite mashangazi mapema, wape kahawa na haluwa, uwaeleze ilivyokuwa. Serikali ya Uchina kuanzia 1980 mpaka 2015 iliwabana watu, familia nyingi ruhusa ilikuwa mtoto mmoja, vijijini sehemu nyingi wawili kama wa kwanza ni wa kike, na ukizidisha kuna faini kubwa na mateso mengine. Watu wakitaka wa kiume wa kubeba ukoo, wasichana wakaumia. Na kumuacha mtoto ni kosa la jinai, kwa hivyo aliyeshindwa alimuweka mahali ataonekana haraka, sokoni, mlangoni kwa kituo, akaondoka bila kuacha jina. Wengine hata hawakuacha kwa hiari yao. Tangu 1992 watoto zaidi ya 160,000 walichukuliwa nchi za nje, karibu nusu Marekani, mpaka Septemba 2024 Uchina ikatangaza imeufunga mlango huo isipokuwa kwa jamaa wa damu na watoto wa kambo. Kwa hivyo neno kutupa lisitoke kinywani mwa mtu, kwa sababu hakuna katika hao mashangazi anayejua mamake alilia kiasi gani.

Kutafuta kwake kugumu kwa sababu hiyo hiyo, hakuna jina la mzazi kwenye faili, na mara nyingi hata siku ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Kuna wanaofanikiwa kwa vipimo vya DNA na kwa kurudi mji walikookotwa kubandika matangazo. Msimuulize amefikia wapi. Akitaka kusema atasema, na asipotaka harusi ina mambo mengi ya kuongelea.

Jambo jengine, msimfanye yeye ndo tamasha. Usiku wa hina apakwe kama wenzake, akalishwe na mabinamu wa umri wake si na wazee wa maswali, na umtafutie binamu mmoja mwenye Kiingereza kizuri na ulimi mfupi awe naye. Mwambie dada yako amfundishe mapema shikamoo na asante, atapendwa. Na picha zake hao vijana wenu wasizirushe kwenye status kabla hawajamuomba ruhusa.