Jibu: Nguzo mpya ya dansi inateleza hata baada ya kuoshwa

Habari dada. Umesema nguzo yako ya kromu, ya milimita 45, umeiosha kwa maji ya sabuni na bado ukipanda unashuka kama umepakwa mlenda. Yangu ilinifanyia hivyo hivyo.

Kwanza jichunguze wewe: siku hiyo ulijipaka losheni? Mimi nililaumu chuma siku mbili, kumbe ni mafuta ya nazi niliyojipaka asubuhi. Siku ya mazoezi ngozi ibaki kavu, mapaja hasa.

Kama si hilo, basi ni mafuta ya kiwandani. Nunua spiriti duka la dawa, fungua madirisha, zima jiko na mishumaa, kisha futa kuanzia juu kushuka chini. Kitambaa changu cha kwanza kilitoka na uchafu wa kijivu kama masizi. Nilibadilisha vitambaa mpaka cha nne kikatoka cheupe. Usifikie stilwaya hata kwa hasira. Kromu ikichubuka ndiyo basi. Na polishi ya kung'arisha vyombo iache, inazidisha utelezi.

Halafu kuna baridi. Chuma cha baridi hakishikiki, kwa hiyo kisugue kwa viganja na mapaja dakika chache kabla ya kupanda. Mikono ikitoka jasho, chaki ya maji ya wapanda miamba inasaidia, ila ifute ukimaliza.

Nguzo za shaba sijawahi kuzigusa, haya ni ya kromu tu.