Mbona halmashauri imesahau barabara?

SWALI: Habari mhariri, miaka ya nyuma halmashauri yetu ilikuwa inaimba barabara tu, sasa hivi hela zote zinaishia kwenye madeni na mishahara. Hii ni siasa au kuna kingine?

JIBU: Siasa ipo ndugu yangu, ila sio yote. Vipaumbele vinafuata shida iliyo mlangoni, London kwa mfano ilibidi mwaka 1858 mto Thames unuke mpaka bungeni ndo hela za mabomba ya majitaka zikapatikana fasta, wakati kipindupindu kilishaua maelfu kabla ya hapo (inauma sana hii). Sasa kwenu, barabara ya mkopo inaendelea kulipiwa hata ikishachakaa, mishahara nayo haisubiri, kwa hiyo kinachokatwa kwanza ni matengenezo, maana mtaro usipozibuliwa mwaka huu hakuna anayelalamika, mje mshtuke lami imeshabebwa na maji.

Porto Alegre kule Brazili, kuanzia 1989 wakazi walikaa vikao wakapanga wenyewe sehemu ya bajeti, maji na majitaka yakapewa uzito. Na nyie ombeni bajeti za miaka mitano, muangalie fungu la matengenezo lilianza kupungua lini, hapo ndo pa kumbana diwani.