Kuhusu mchezo ambao zamu yako umeshaipokea

Mwanangu mpendwa,

Assalamu alaykum. Swali lako nimelipata, nami nalijibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu huwa tunakatizana. Unasema kwamba tangu uhamishiwe Dodoma, kodi ya nyumba ya miezi sita uliyotakiwa kuilipa kwa mkupuo imekumaliza, na kwamba unafikiria kuacha kuchangia mchezo, yaani upatu wa kupeana fedha kwa zamu, wa kina mama wa hapa Tanga, kwa kuwa zamu yako umeshaipokea na hamkuandikiana chochote. Tena unauliza kama kutopokea simu za kijumbe, yule anayekusanya michango, ni uongo, maadamu hujatamka neno.

Tuanze na hesabu. Mko watu kumi, kila mmoja hutoa laki moja mwisho wa mwezi, na mwenye zamu huondoka na milioni moja. Wewe ulipokea mwezi wa pili wa mchezo, ukiwa umetoa shilingi 200,000 tu. Zile 800,000 nyingine zilitoka kwa wenzako waliokukopesha bila riba, bila dhamana, na bila kukuuliza unakwenda kuzifanyia nini. Anayepokea mwanzoni hukopa na anayepokea mwishoni huweka akiba, ndiyo maana zamu za mwanzo hawapewi watu wasioaminika. Sasa imebaki miezi minne, nawe unadaiwa 400,000, yaani laki moja ya kila mmoja wa wanawake wanne, na wa mwisho wao ni yule muuza vitumbua aliyeichagua Desemba kwa makusudi, ili Januari imkute na ada ya shule mkononi. Watu husema ahadi ni deni. Kwako deni lilikuwapo kabla hata hatujafika kwenye ahadi.

Hoja ya kutoandikiana ndiyo iliyonikera. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, haiyakatai makubaliano ya mdomo, lakini sitaki tuelekee huko, kwani hakuna kijumbe atakayekupeleka mahakamani kwa laki nne, nawe unalijua hilo. Fungua badala yake Sura ya Al-Baqara. Aya ya 282 inaagiza deni la muda liandikwe na lishuhudiwe. Aya inayofuata inamtaja aliye safarini asiyepata mwandishi, kisha inaagiza kwamba watu wakiaminiana, aliyeaminiwa airudishe amana na amche Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo pasipo na karatasi mzigo wa aliyeaminiwa haupungui, bali unazidi, kwa kuwa mwenzake hana kingine cha kushika isipokuwa yeye.

Ama simu, isipopokewa, kijumbe atadhani unaumwa au uko kazini, naye atasubiri. Siku ya kutoa ikifika atajazia kwa fedha zake mwenyewe, kwa sababu wengi wa wale wanawake hawakujui wewe, wanamjua yeye. Ukimwacha aamini lisilo kweli kwa faida yako, umemdanganya hata kama hukufungua mdomo. (Najua kwamba siku hizi kuacha simu iite hadi ikatike kumekuwa kama ustaarabu wa mjini. Mimi siupendi.)

Sisemi ulale na njaa. Kukwama kupo, na aya ya 280 ya sura hiyohiyo inataka mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda. Lakini muda huo huutoa mdai, mdaiwa hajipi mwenyewe. Mpigie kijumbe wiki hii, kabla mwezi haujaisha, umweleze hali ilivyo na kiasi unachokiweza. Kama ni elfu sitini, sema elfu sitini, kisha utaje siku utakayomalizia elfu arobaini, na siku hiyo isiwe ya kumfurahisha tu, iwe ile ambayo mshahara utakuwa umeshaingia. Huenda akakufokea. Mwache afoke, kwani atakuwa na siku kadhaa za kuzungumza na mwenye zamu, jambo ambalo hataliweza akigundua jioni ya siku yenyewe. La Desemba tu ndilo lisiguswe: hiyo itoe kamili, na kwa wakati.

Mimi sitamlipa kijumbe kimyakimya kwa niaba yako, ingawa nyumba yake na yangu zinatazamana. Ukihitaji nikukopeshe, niombe waziwazi, nasi tutaandikiana.

Baba yako anakusalimu.

Wasalaam,
Mama yako