Mama anasikia sauti, maneno yanampita

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 76. Nikimsemesha kwa sauti ya kawaida ananiuliza, "Umesemaje?" Nikipaza sauti anakasirika: "Mbona unanifokea? Mimi si kiziwi." Juzi nilimwambia ameze dawa saa sita, akangoja mpaka saa tisa. Nifanyeje?

JIBU: Hiyo sita na tisa imeeleza shida yote. Maneno hayo yana irabu zilezile, i na a, kwa mpangilio uleule; kinachoyatenganisha ni s na t tu. Uzee huanza kupunguza usikivu wa sauti nyembamba, na s, t, f, k na sh zinategemea sauti hizo. Irabu ni nzito, anazipata. Kwa hiyo mama anasema kweli: anakusikia, ila maneno yanamfikia nusunusu.

Ukipaza sauti, irabu ndizo zinazovuma zaidi. Tena sikio lililozeeka halina nafasi kubwa kati ya "sisikii" na "unaniumiza". Ndiyo maana anahisi anafokewa.

Anza na mwanga. Sote husoma midomo bila kujua, na mama anaitegemea kuliko wewe. Lakini jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha takriban theluthi moja tu ya mwanga unaofika ndani ya jicho la kijana wa miaka 20. Ukikaa ukiupa mlango au dirisha mgongo, uso wako kwake ni kivuli. Geuzeni viti: mwanga ukuangukie wewe usoni. Kaa umbali wa mita moja hivi, zima redio, mwite, ngoja akutazame, ndipo useme, polepole na kwa sauti nzito kidogo. Kama ana miwani, aivae kwanza.

Asipoelewa, usirudie sentensi ileile, badilisha maneno. P na m huonekana midomoni, lakini s na t hujificha nyuma ya meno, kwa hiyo namba zionyeshe kwa vidole: "Saa sita mchana, kabla hujala." Kisha muulize, "Dawa utameza saa ngapi?" Ukimuuliza "Umesikia?" atajibu ndiyo, kwa heshima tu. Saa za dawa ziandike kwa kalamu nene nyeusi kwenye karatasi nyeupe, tarakimu za sentimita 2. Usimwambie "kile cha bluu". Lenzi ya ndani ya jicho ikizeeka hugeuka manjano, na bluu na kijani humchanganya.

Mpeleke pia kliniki ya masikio, pua na koo. Mara nyingine ni nta tu iliyoziba, na vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi, kwa hiyo viacheni. Chukua na pakiti zote za dawa anazotumia: furosemide (dawa ya kupunguza maji mwilini), kwinini na aspirini ya dozi kubwa zinaweza kudhuru usikivu. Msizisimamishe wenyewe. Macho nayo yapimwe mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji, na presha ya macho, ambayo huiba uoni bila maumivu.

Jambo moja halisubiri miadi: sikio likizima ghafla, ndani ya siku 3 au chini ya hapo, au jicho likipoteza nuru kwa ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kwa sikio, dawa za steroidi, yaani za kutuliza uvimbe, hufanya kazi zaidi zikianzwa mapema, ndani ya wiki 2 za mwanzo.